MRI Ikisema Hakuna Kitu: Lupusi, Ubongo na Historia ya Picha

  Leo sitaandika juu ya hifadhidata wala simu mpya. Naomba mniruhusu nitoke nje ya uwanja wangu, ingawa mtaona kwamba sitaenda mbali sana na tarakilishi.

Binamu yangu, binti wa shangazi, ana ugonjwa unaoitwa lupusi. Ana miaka minne nao sasa, anameza dawa zake, anaenda kazini. Mwezi uliopita akaanza kupoteza maneno. Si kule kusahau jina la mtu mliyekutana harusini, la! Anashika kijiko mkononi na neno "kijiko" halitoki. Siku moja alishuka matatu kwenye steji yake ya kila siku, akasimama pale asijue nyumbani ni upande gani.

Familia ikachanga pesa, akapigwa picha ya ubongo kwa mashine ya MRI. Ripoti ikarudi na mistari mitatu: ubongo uko sawa. Aliyempokea na ile ripoti (hospitali sitaitaja) akamwambia arudi nyumbani apunguze mawazo.

Usiku akanipigia simu. "Kaka, wewe unajua mambo ya mashine. Mashine inaweza kudanganya?"

Nilimjibu haraka, kama sisi watu wa programu tunavyopenda kujibu, kwamba mashine haidanganyi, bali hujibu swali lililoulizwa tu. Nikakata simu nikaona aibu, maana sikujua MRI huulizwa swali gani. Basi nimesoma usiku kadhaa. Mimi si daktari, na haya si ushauri wa matibabu. Ni historia tu, lakini ni historia ambayo ningependa yule aliyempokea angekuwa ameisoma.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Lupus ni neno la Kilatini, maana yake mbwa-mwitu. Waganga wa zamani wa Ulaya waliona vidonda vya usoni vinafanana na nyama iliyotafunwa na mnyama. Jina la ugonjwa tunaouzungumzia lilitolewa na Cazenave, daktari wa ngozi wa Paris, mwaka 1851. Kinachotokea ni kwamba mfumo wa kinga wa mwili hugeuka na kumshambulia mwenyewe. Fikiria programu ya kuzuia virusi ambayo siku moja inaanza kufuta mafaili ya mfumo wa tarakilishi hiyo hiyo inayoilinda. Inaweza kuanza na ngozi, viungo, figo au damu, na kwa baadhi ya watu ubongo. Wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa.

Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa ngozi tu. Aliyebadilisha hayo ni Moriz Kaposi wa Vienna, ambaye mwaka 1872 alionyesha kwamba unaingia ndani ya mwili na unaweza kuua. Katika miaka hiyo hiyo ya 1870 yeye na Hebra (aliyekuwa mwalimu wake na pia baba mkwe wake) waliandika juu ya wagonjwa wa lupusi waliopoteza fahamu na kuzama katika usingizi usio na kuamka. Halafu, miaka ya mwisho ya karne hiyo na mwanzo wa iliyofuata, William Osler wa hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore akaeleza wagonjwa wenye vipele ambao pia walipoteza usemi na nguvu za upande mmoja wa mwili, kisha wakapata nafuu, kisha yakarudi. Osler akakisia: huenda yanayotokea kwenye ngozi ndiyo yanayotokea kwenye ubongo. Yaani mishipa midogo ya damu imevimba.

Ilikuwa dhana nzuri, lakini hakuna aliyeweza kuichungulia. Eksirei iligunduliwa mwaka 1895, nayo huonyesha fuvu vizuri sana. Ubongo ulio ndani yake huonekana kama ukungu. Walter Dandy, pia wa Johns Hopkins, alibuni njia mwaka 1918 na 1919 ya kuingiza hewa ndani ya nafasi za maji za ubongo ili zionekane kwenye eksirei. Wagonjwa waliichukia, na si ajabu, kwa jinsi kichwa kilivyowauma baadaye. Mwaka 1927 Egas Moniz wa Lisbon akapiga sindano ya rangi ndani ya mshipa wa shingo ili mishipa ya ubongo ichoreke. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, ila mishipa inayoharibiwa na lupusi mara nyingi ni myembamba mno, na rangi ya Moniz haikuionyesha.

Kisha yakaja mambo mawili kwa pamoja kutoka Mayo Clinic, kule Minnesota. Mwaka 1948 Malcolm Hargraves na wenzake walieleza seli ya ajabu katika uboho wa wagonjwa wa lupusi, na kwa mara ya kwanza kukawa na kipimo cha maabara. Mwaka huo huo, katika hospitali hiyo hiyo, Philip Hench akampa mgonjwa wa baridi yabisi dawa ya kotisoni. Muda si mrefu dawa za jamii hiyo, yaani steroidi, zikatumika kwa lupusi pia, na watu ambao wangekufa wakaishi. Lakini steroidi kwa dozi kubwa zina tabia moja mbaya: zinaweza kumchanganya mtu akili. Mnaona tatizo? Mgonjwa wa lupusi anaanza kusikia sauti zisizokuwapo. Ni ugonjwa? Basi ongeza steroidi. Ni steroidi? Basi punguza. Ukikosea, unamharibu. Na huna picha, wala huna kipimo. Una macho yako tu.

Jibu la kwanza la kweli lilitoka kwa maiti. Mwaka 1968 Richard Johnson na Edward Richardson walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 24 wa lupusi waliopata matatizo ya neva. Walikata ubongo vipande vyembamba na kuvitazama kwa darubini. Walichokiona ni vidonda vidogo vidogo vilivyokosa damu na matone ya damu iliyovuja, vyote vikiwa kando ya mishipa midogo. Uvimbe wa mishipa wenyewe, ule uliokisiwa na Osler, waliuona kwa wachache sana. Kwa zaidi ya nusu karne madaktari walikuwa wakishuku kitu ambacho mara nyingi hakikuwapo.

Hapo ndipo watu wetu, watu wa tarakilishi, wanapoingia.

Godfrey Hounsfield alikuwa mhandisi katika kampuni ya EMI ya Uingereza, ile iliyouza santuri za Beatles. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Mwaka 1958 alikuwa ameongoza kazi ya kuunda EMIDEC 1100, mojawapo ya tarakilishi za kwanza za Uingereza zilizotumia transista pekee. (Utasikia kila mahali kwamba Beatles ndio waliolipia mashine ya CT. Ni hadithi tamu, lakini wizara ya afya ya Uingereza ilitoa pesa nyingi pia, na yeye hatungiwi nyimbo.) Wazo la Hounsfield lilikuwa la mtu wa hesabu: usipige picha moja ya eksirei kutoka mbele, bali pima miale inayopita kichwani kutoka pande zote, kisha iachie tarakilishi ikokotoe ndani kuna nini. Kila mwale ni mlinganyo mmoja, na kila kijisehemu cha ubongo ni namba usiyoijua.

Mashine yake ya kwanza ya majaribio ilichukua siku 9 kukusanya vipimo vya kitu kimoja, na saa 2 na nusu za tarakilishi kubwa kukokotoa picha. Alikuwa akijaribia, miongoni mwa vitu vingine, ubongo wa ng'ombe. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko London, ikapigwa picha ya mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe ubongoni. Uvimbe ukaonekana, bila kumpasua na bila kumjaza hewa.

Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Cormack alianza kuwaza hesabu zile zile mwaka 1956 akiwa Cape Town, alipoombwa asaidie kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur. Alizichapisha mwaka 1963 na 1964 na karibu hakuna aliyezijali. Nao wote wawili hawakujua kwamba mwanahisabati Johann Radon alikuwa ametatua kiini cha swali hilo tangu 1917. Nawaambia kila siku, someni nyaraka za waliotangulia!

Sasa angalieni namba, maana ndizo zinazotupeleka kwa binamu yangu. Mashine ya kwanza ya hospitali ilichukua vipimo 160 katika kila moja ya pembe 180, jumla 28,800. Ikatoa picha ya pikseli 80 kwa 80, yaani 6,400 peke yake. Picha yako ya wasifu kwenye simu ina zaidi ya hizo. Kila pikseli iliwakilisha kijisanduku cha ubongo cha milimita 3 kwa 3, chenye kina cha milimita 13. Kidonda cha lupusi kinaweza kuwa na milimita 2 tu. Ndani ya kijisanduku hicho kinachanganywa na ubongo mzima unaokizunguka na kupewa namba moja ya wastani. Kinapotea, kama kijiko kimoja cha sukari kwenye sufuria ya uji wa watu hamsini.

Kwa hiyo wagonjwa wa lupusi walipoanza kupigwa picha za CT katika miaka ya 1970, kilichoonekana ni viharusi vikubwa, damu iliyovuja kwa wingi, na jambo moja la kutatanisha: ubongo uliosinyaa. Usinyaaji huo ungeweza kuwa kazi ya lupusi au kazi ya steroidi, na picha haikusema ni ipi. Wengine wengi, waliokuwa wakipata kifafa au kuchanganyikiwa mbele ya macho ya daktari, picha zao zilitoka safi.

Kuna kundi moja la London lililokataa kuishia hapo. Hospitali ya Hammersmith ilikuwa na kitu ambacho hospitali chache duniani zilikuwa nacho: saiklotroni, mashine ya kutengenezea atomi zenye mnururisho. Mwaka 1978 Anthony Pinching, Graham Hughes na wenzao waliripoti kwamba waliwapa wagonjwa wa lupusi gesi yenye oksijeni-15 wavute, kisha wakatazama ubongo unavyoitumia. Oksijeni hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 2, kwa hiyo huwezi kuiagiza kutoka mjini. Ni lazima itengenezwe hapo hapo na ivutwe hapo hapo. Waliona kasoro katika wagonjwa ambao njia nyingine hazikuwasemea. Nilipofika hapa niliacha kusoma kwa dakika chache. Mwaka 1978 tayari kulikuwa na watu walioshuku kwamba ubongo wa lupusi unaweza kuwa na umbo zuri na kazi mbaya. Ni kama seva ambayo ukiitazama taa zote ni za kijani, halafu kila ombi linachukua dakika mbili.

Hughes huyo huyo ana sehemu nyingine. Mwaka 1975 alifanya kazi Jamaika, alikokutana na wanawake waliopooza miguu na ambao damu zao zilitoa majibu ya kaswende ilhali hawakuwa nayo. Aliporudi London aliendelea kulifuata jambo hilo, na mwaka 1983 yeye, Nigel Harris na wenzao wakaeleza kingamwili zinazoifanya damu igande ovyo ndani ya mishipa. Wagonjwa wengi wenye nazo wana lupusi, wengine hawana. Maana yake ilikuwa nzito: baadhi ya viharusi vya lupusi havitokani na uvimbe hata kidogo, vinatokana na damu kuganda. Na damu inayoganda haitibiwi kwa steroidi, inatibiwa kwa dawa za kuifanya nyepesi. Lakini dawa hizo ukimpa mtu ambaye shida yake ni damu kuvuja, utamuua. Sasa picha ilikuwa imepata swali la haraka la kujibu.

Ikaja MRI. Paul Lauterbur alichapisha wazo la picha za sumaku mwaka 1973, jarida likiwa limelikataa mwanzoni. Peter Mansfield wa Nottingham akalifanya liende kasi. Wakapewa Nobel mwaka 2003. Kazi yake ni hivi. Mwili umejaa maji, maji yana hidrojeni, na kila kiini cha hidrojeni ni kisumaku kidogo. Ukikiweka ndani ya sumaku kubwa hukubali kutikiswa na wimbi la redio la masafa maalum, kisha hujibu kwa wimbi lake. Masafa hayo ni megahezi 42.58 kwa kila tesla moja ya nguvu ya sumaku. Mashine ya kawaida ya tesla 1.5 basi inasikiliza karibu megahezi 64, na ya tesla 3 karibu 128, juu kidogo ya mwisho wa FM kwenye redio yako! Ndiyo maana chumba cha MRI hufunikwa kwa chuma au shaba pande zote, vinginevyo ingenasa matangazo. Mashine haioni picha kamwe. Inakusanya masafa, halafu hesabu za Fourier zinayageuza kuwa picha. Ile njia ya kuzikokotoa haraka, ambayo wengi wetu tumeiita kwa mstari mmoja wa programu bila kuifikiria, ilichapishwa na Cooley na Tukey mwaka 1965.

Penye maji zaidi kuliko kawaida, MRI inaweza kuwekwa ing'are nyeupe. Ubongo ulioumia huwa na maji zaidi. Mwaka 1985 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha picha za MRI za wagonjwa wa lupusi wenye dalili za ubongo, na hapo yakaonekana madoa ambayo CT haikuyaonyesha. Mwaka 1992 Hammersmith tena ikaleta mbinu ya FLAIR, inayozima mng'ao wa maji ya kawaida ili madoa yaliyo kando yake yasifunikwe. Ghafla ubongo wa lupusi ulikuwa umejaa nyota.

Furaha haikudumu. Madoa meupe yale yale hupatikana kwa watu wenye shinikizo la damu, kwa wenye kipandauso, na kwa wazee wasiougua chochote. Doa linasema "hapa paliumia". Halisemi lini, wala na nani. Aliyewahi kusoma faili la kumbukumbu za mfumo lisilo na tarehe wala jina la programu iliyoandika ananielewa.

Swali la "lini" lilipata jibu kiasi. Mwaka 1990 Michael Moseley na wenzake, wakichunguza paka, walionyesha kwamba MRI iliyowekwa ipime jinsi maji yanavyotembea kati ya seli huona kiharusi ndani ya muda mfupi tu baada ya kutokea, kabla hakijaonekana kwenye picha za kawaida. Kwa mgonjwa wa lupusi mwenye madoa kumi, daktari sasa angeweza kusema: haya tisa ni ya kale, hili ni la leo.

Mwaka 1996 Judy Hinchey na wenzake wa Boston wakaeleza jambo lingine ambalo bila picha lisingejulikana. Kulikuwa na watu waliopata kifafa, upofu wa ghafla na kuchanganyikiwa, na picha zao zilionyesha maji yamejaa sehemu ya nyuma ya ubongo. Shinikizo la damu likishushwa, na dawa zilizochangia zikisimamishwa, mengi yalirudi hali ya kawaida, hata picha ikasafika. Wagonjwa wa lupusi ambao figo zao zimeathirika hupatwa na hali hii. Kabla ya hapo mgonjwa kama huyo angeweza kumiminiwa steroidi kwa kudhaniwa lupusi imeupanda ubongo, wakati alichohitaji ni kushushiwa shinikizo. Kama mnataka mfano mmoja wa picha iliyookoa maisha ya wenye lupusi, mimi ningechagua huo.

Lakini binamu yangu hana kiharusi, hana kifafa, na shinikizo lake ni zuri. Picha yake ni safi. Yeye yuko wapi katika historia hii?

Yuko katika nusu ambayo haisimuliwi sana. Mwaka 1999 kamati ya wataalamu wa rumatolojia wa Marekani iliorodhesha njia 19 ambazo lupusi huathiri neva na akili, 12 za ubongo na uti wa mgongo na 7 za neva za pembeni. Ndani ya orodha hiyo, pamoja na kiharusi na kifafa, kuna kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra. Mwaka 2011 kliniki ya Leiden, Uholanzi, inayoshughulika na wagonjwa wa aina hii hasa, iliripoti picha za watu 74 waliothibitishwa na madaktari kuwa lupusi imegusa mfumo wao wa neva. Karibu nusu yao picha ya MRI haikuonyesha kasoro yoyote. Nusu! Naomba usome sentensi hiyo tena, kisha ufikirie mistari mitatu ya ripoti na maneno "punguza mawazo".

Inawezekanaje? Sehemu ya jibu ilitoka kwa panya. Mwaka 2001 kundi la Betty Diamond wa New York lilionyesha kwamba baadhi ya kingamwili za lupusi, zile zinazoshika DNA, hushika pia kipokezi fulani kwenye seli za ubongo, kipokezi ambacho hutumika katika kujifunza na kukumbuka. Kwa kawaida kuna ukuta kati ya damu na ubongo, na kingamwili hizo hazipiti. Mwaka 2004 walifungua ukuta huo kwa panya kwa kutumia kemikali ya bakteria, na seli za hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, zikafa. Mwaka 2006 wakaufungua kwa adrenalini, na safari hii zilizokufa ni za amigdala, sehemu ya hofu. Kingamwili ni zile zile, lakini mlango tofauti ulileta ugonjwa tofauti. Uharibifu wa namna hiyo ni wa seli moja moja, na hauachi doa la kung'ara.

Baadaye kundi hilo lilitumia PET, inayoonyesha sukari inavyotumika ubongoni, kwa wagonjwa ambao lupusi yao ilikuwa imetulia. Kwa baadhi yao hipokampasi ilikuwa ikila sukari kupita kawaida. Ni ile ile shabaha ya London ya 1978, yaani kupima kazi badala ya umbo, kwa zana kali zaidi. Lakini hizo bado ni zana za utafiti. Hakuna hospitali itakayompa binamu yangu jibu la ndiyo au la kwa picha hiyo.

Na ili nisiwe mwongo upande wa pili: mtu mwenye lupusi akipata tatizo la akili au neva, si lazima liwe la lupusi. Makundi yaliyofuatilia wagonjwa kwa miaka yanasema ni takriban theluthi moja tu ya matukio hayo unayoweza kuitwika lupusi yenyewe. Mengine ni dawa, maambukizi, tezi, usingizi mbaya, huzuni. Kwa hiyo huenda hata "mawazo" yana sehemu yake. Kosa la yule aliyempokea halikuwa kutaja mawazo. Lilikuwa kuichukua picha safi kama ushahidi kwamba hakuna kingine cha kutafuta. Mapendekezo ya Ulaya ya mwaka 2010 yanataka picha isomwe pamoja na uchunguzi wa neva, damu, pengine maji ya uti wa mgongo, na mtihani wa kumbukumbu. Huo wa mwisho unafanywa kwa karatasi, kalamu na mtu mwenye subira.

Nitaje jambo moja la karibu na kwetu. Leiden ile ile ina kundi linalounda MRI ndogo za bei nafuu. Walipeleka vipande vya mashine kwa ndege hadi Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda, na wakiwa na Johnes Obungoloch wa huko wakaiunganisha palepale: pete 23 za sumaku za kawaida, nguvu ya tesla 0.05, na siku 11 tangu mizigo kufika hadi picha ya kwanza. Ripoti yao ilitoka mwaka 2023. Lengo lao ni watoto wenye maji kichwani, na kwa kazi hiyo inatosha. Madoa ya milimita 2 ya lupusi usiyatarajie humo. Ina nguvu mara 30 chini ya ile aliyolalia binamu yangu. Lakini picha za Hounsfield zilianza na pikseli 6,400, na mimi sitamcheka mtu wa Mbarara.

Binamu yangu amekwenda kliniki nyingine. Huko daktari alikaa naye karibu saa nzima, akamsomea orodha ya maneno akamwambia ayarudie baada ya dakika ishirini, akamchorea saa, akauliza kila dawa na dozi yake. Ameagiza damu ipimwe kingamwili za kugandisha na vitu vingine ambavyo sikuvielewa vyote. Ile picha ya MRI aliitazama pia, kwa muda mrefu, kwenye diski na si kwenye ripoti. Majibu ya damu yatatoka Alhamisi.